Barua kwa mwanangu: mgeni, jembe na donge la uzi

Tabata, Jumapili jioni

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa jikoni, mvua inapiga bati, nikaambulia nusu. Mara ya pili nilikaa na baba yako, naye akacheka mahali pasipo na kicheko, nikamnyang'anya simu. Mara ya tatu nilikuwa peke yangu, usiku, nimetoka kuokota konokono. Dakika nne nzima, na swali lenyewe ni moja: mama mkwe wako amekuarifu kwamba atapanda kutoka Songea mwanzoni mwa mwezi wa sita, wiki mbili kabla hujajifungua, na atakaa hapo Njombe mpaka mtoto aweze kukaa mwenyewe bila kuegemezwa mto. Unataka nikwambie umkubalie, au umwambie kwa adabu kwamba anayekuja ni mama yako.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu unanikatiza, na kwa sababu kifurushi kinaondoka Jumanne na karatasi haina uzito.

Kwanza konokono, maana hao wananikosesha usingizi kuliko mkwe wako. Masika haya wametoka wakubwa kama ngumi. Mchicha wangu wa kwenye viroba, pale nyuma ya choo cha nje, ulikuwa umefika vidole vinne. Wameukata wote usiku mmoja, wakaniachia vijiti. Nikimwaga majivu, mvua inayaosha. Sasa kila saa tatu usiku natoka na ndoo na tochi, nimevaa koti la baba yako, na yule mpangaji mpya wa jirani nadhani ameshaniweka kwenye kundi la wachawi. Jana niliokota 63. Matembele wanayaonja na kuyaacha. Matembele ya bibi yako hayashindwi na kitu, na hilo nalo nitalifikia.

Haya, mgeni. Msemo wangu unaujua, mlikuwa mkiuigiza na kaka yako mkidhani sisikii: mgeni mpe jembe siku ile ile. Watu wanasema siku mbili, ya tatu ndiyo jembe. Siku mbili hizo ndizo zinazoharibu! Mgeni akikaa siku mbili kwenye kochi bila kazi, mikono inapumzika, macho yanafanya kazi. Anahesabu sufuria. Anaona vumbi juu ya kabati. Anagundua kwamba mumeo anajipigia pasi mwenyewe. Ikifika siku ya tatu hasubiri umpe jembe, anajichukulia, na jembe la kujichukulia halijui mpaka wa shamba.

Mimi nilimpa bibi yako, mkwe wangu, siku mbili.

Ilikuwa Oktoba 1997, mimba yako ina miezi minane, kaka yako ana miaka mitatu. Bibi alishuka kutoka Mlalo kwa wiki mbili. Alisema kwa mdomo wake: nimwone mtoto, nirudi kwenye maharage yangu. Basi ikaja El Nino. Vuli ile haikujua kuaga. Ilipita Desemba ikaingia mwaka mpya na viatu vyake vya matope. Barabara zikakatika kila upande, na habari zilizokuwa zikitufikia ni kwamba kule kwao, kuanzia Mombo kupanda Lushoto, udongo unashuka njiani. Wiki mbili zikawa miezi mitano.

Siku zile mbili za kwanza alikaa kwenye lile kochi la kijani, lenye vitambaa vyangu vya kufuma. Akakishika kimoja, akakigeuza. Mtu asiyejua kufuma anatazama uso wa kitambaa na kusema kizuri. Anayejua anakigeuza nyuma, kwenye mafundo. Alikigeuza, akakitazama, akakirudisha, akakinyoosha kwa kiganja. Hakusema kitu. Ningependa angesema.

Siku ya tatu nilikwenda kliniki. Niliporudi ukoka haukuwepo.

Najua hadithi ya ukoka umeisikia, lakini unaisikia kwa baba yako, na baba yako anaisimulia kama kichekesho. Ule ukoka niliuomba Oysterbay, kwenye bustani ya bosi wangu, nikaubeba kwenye gunia mpaka kituoni, na konda akanitoza nauli ya gunia kama abiria. Nikaupanda kishungi kimoja kimoja, nimepiga magoti. Maji ya bomba wakati ule yalikuja yakijisikia, kwa hiyo niliumwagilia kwa maji ya kuogea, dumu kwa dumu. Miaka mitatu. Mtaa mzima ukoka ulikuwa nyumba mbili, kwetu na kwa marehemu mzee wa gereji. Nafungua geti naona matuta. Sita, yamenyooka kama daftari, kutoka kibarazani mpaka getini, na marando yameshafukiwa, kila moja ncha mbili za majani zimechungulia. Yeye yuko ngazini ananawa miguu.

Baba yako aliporudi kazini nilimngoja aseme. Akasimama pale, akaangalia matuta, akaniangalia. "Ukoka hauliwi," akasema, akaingia ndani. Maneno mawili. Miaka 28 sijayasamehe.

Sasa ngoja, maana hapa msemo wangu unaniyumbia kidogo, na ni bora niuyumbishe mwenyewe kabla hujauyumbisha wewe. Yale marando hakuyaokota Tabata. Alikuja nayo kutoka mlimani, yamefungwa kwenye jani la mgomba na gunia lililolowa maji. Mtu wa mlimani anabeba marando kuyaleta pwani! Ina maana matuta yalikuwa kichwani mwake kabla hajapanda basi, kabla hajauona ukoka wangu, kabla sijampa siku zangu mbili. Kwa hiyo hata ningempa jembe siku ile ile, pengine ningepoteza ukoka siku mbili mapema tu.

Lakini hapana. Ningempa mimi, ningemwonyesha wapi. Ningemwambia: mama, pale nyuma ya jiko. Nabaki palepale. Mgeni mpe jembe siku ile ile, na umwonyeshe wapi.

Na haki yake nimpe. Ilipofika Desemba, fungu la mchicha sokoni lilikuwa limekonda mpaka unaona aibu kulilipia, maana magari ya mboga hayakufika. Sisi tulikula matembele. Majirani walichuma kwetu. Tuliyala kwa nazi, kwa dagaa, kwa chumvi tupu, mpaka kaka yako akayabadilisha jina, akawa anayaita "tena". Mama, leo tunakula ugali na tena? Haya ninayoyachuma leo ni watoto wa yale yale. Nakata rando kama urefu wa mkono mpaka kiwiko, nafukia vifundo vitatu, linaendelea na maisha yake. Ukoka ningekuwa nao leo? Baba yako asingekuwa anaukata, najua.

Lakini matembele siyo yaliyoniuma. Nilitaka kukwambia habari ya uzi.

Bibi yako alikuja na sindano za kufumia mbili zilizochongwa kwa spoku za baiskeli. Unazifahamu, ni zile zilizomo kwenye kopo la maziwa juu ya kabati langu. Kufuma alifundishwa utotoni na wamisheni, na kule Lushoto sweta ni nguo, siyo pambo. Kabla hujazaliwa alikuwa ameshakufumia sweta la njano, kofia na soksi. Novemba! Dar es Salaam! Wewe umekaa Njombe miaka minne sasa, umesahau Novemba ya hapa, saa mbili usiku ukuta bado unakurudishia joto la mchana. Ukazaliwa, ukavalishwa vyote vitatu. Ukatoka vipele vya joto shingoni mpaka kwapani. Nikikuvua, nikigeuka umevalishwa. Nikikuvua tena, nikitoka kuoga umevalishwa na kofia. Nesi wa kliniki alikutazama akaniuliza, "Mama, huyu mmemtoa Makete?" Nilicheka kwa aibu nikasema ni bibi yake. Nesi akasema, ahaa, kama vile nimemtajia ugonjwa unaojulikana.

Mimi nami nilikuwa na kazi yangu. Tangu mimba ina miezi mitano nilikuwa nafuma shali yako, nyeupe, uzi wa pamba, nimeununua Kariakoo kwa kujibana. Nilifuma usiku baada ya kaka yako kulala, umeme ukikatika nafumia chemli. Ulipotimiza wiki tatu ilikuwa imefika theluthi mbili. Usiku ule niliichoka, nikaiacha mezani na sindano zake.

Asubuhi shali haikuwepo. Palikuwa na donge la uzi. Limeviringishwa vizuri, la mviringo, limekaza, ukubwa wa kichwa chako wakati ule. Sindano zimelazwa pembeni, sambamba. Bibi yako yuko jikoni anakoroga uji wangu wa pilipili manga.

"Mstari wa nne toka chini ulikosea," akasema bila kugeuka. "Ungeonekana siku zote."

Kufuma ni miezi. Kufumua unavuta ncha moja tu, vitanzi vinakimbilia mkononi kama vilikuwa vinasubiri ruhusa. Najua hakuchukua hata saa nzima. Najua pia, na hili sikuwahi kumwambia baba yako, kwamba lile kosa nilikuwa nimeliona. Nililiona mapema kabisa, mistari kumi tu imepita, kitanzi kimeruka. Nikasema shali inakunjwa, nani atafunua mstari wa nne? Nikaendelea. Kwa hiyo alichokifumua hakikuwa kosa langu tu, ilikuwa siri yangu. Nikanywa uji. Nikatoka nje kuchuma matembele na nikang'oa shina zima, kwa makusudi, nikalirusha nyuma ya ukuta. Lile donge kaka yako alilifanya mpira. Sikushika sindano tena mpaka wewe ukawa kidato cha pili.

Mwanamke huyohuyo alinikanda kila asubuhi siku 40. Kanga inachovywa kwenye maji ambayo mimi nisingetia hata kidole, inakamuliwa, inawekwa tumboni, na mikono yake iko juu yake imetulia kabisa. Mimi mama yangu unajua alikuwa ameshatangulia, sikuwa na wa kumchagua. Wewe unao wawili, unalalamika! Nisamehe, hujalalamika, umeuliza. Nilikuwa nalia wakati wa kukandwa, na yeye alijua si maji ya moto yanayoniliza, na hakuniuliza. Saa moja baadaye tunagombania soksi zako. Sasa mtu huyo utamwekaje? Nimejaribu kumpanga upande mmoja kwa miaka, hapangiki.

Nimerudishwa kwenye haya yote na safari ya Jumamosi iliyopita. Kikundi chetu cha kufuma, wale wa chini ya mwembe wa Mama Mchungaji, tulikwenda Kigamboni kumpa pole mwenzetu aliyeteguka mguu. Wote wanataka tupite darajani kwa Coaster, maana daraja lipo tangu 2016, dakika chache umeshavuka. Nikasema mimi napanda pantoni. Wakasema unataka kuchelewa nini na samaki wa Feri? Nikasema napanda pantoni. Wakapanda nami, wakinung'unika, na wawili wakafuma njia nzima wamesimama.

Ile Jumapili ya Januari 1998 mvua ilikuwa imetupa nafasi. Shangazi yako alikuwa ameshahamia Kigamboni, tukasema bibi akamwone binti yake. Baba yako na kaka yako mbele, mimi na bibi nyuma, wewe mgongoni kwangu na sweta lako la njano. Siku ile nililiacha, kwa sababu ya upepo wa bahari, na kwa sababu nilikuwa nimechoka. Bibi yako hakuwahi kuiona bahari kwa karibu. Akashika chuma cha pembeni, akatazama mpaka meli zinakoingilia bandarini.

"Maji yote haya," akasema, "na nyie mnanunua kwa dumu?"

Nikamwambia ni ya chumvi. Akanitazama kama muuza duka anayepunja mizani.

Pantoni ilipogusa ng'ambo, watu wakamiminika, baiskeli, matenga, yeye hakusogea. Nikamwambia mama, tumefika. Akasema yeye anarudi nayo. Baba yako akarudi kutuita, akamkuta mama yake ameketi kwenye benchi kama abiria aliyelipa mpaka Tanga. "Gari hili halina mashimo," akamwambia mwanawe, "niache nikae." Tangu Oktoba alikuwa ametikiswa kwenye daladala za Tabata zinazoogelea, mtu wa watu. Tukavuka mara nne. Baba yako alitangulia kwa shangazi yako na kaka yako, sisi wawili tukabaki na wewe, tunakwenda na kurudi, nikilipa kila mara na mkata tiketi akinicheka wazi. Ile ya kwanza alikuwa kimya. Ya pili alicheka, na nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka. Alicheka kama msichana aliyeibiwa kiatu. Akaomba nikutoe mgongoni, nikupakate yeye akushike mikono, akawa anakuonyesha meli.

Ya tatu ndiyo aliyosema. Kabla ya shangazi yako alikuwepo mwingine. Kule juu, mwezi wa saba, kwenye ukungu, nyumba ina blanketi moja. Alisema hivyo tu, macho majini, halafu akalivuta sweta lako likafunika mgongo vizuri.

Baba yako hakuwa anajua. Nilimwambia mimi, miaka mingi baadaye.

Kwa hiyo sweta nimelielewa. Kuanzia siku ile sikukuvua tena mbele yake, nilingoja alale. Lakini mwanangu, hilo linaeleza sweta. Halielezi shali! Shali haikuwa na baridi ya kuua mtu ndani yake. Shali ilikuwa yangu. Nikiwaza hivyo nasema, angeweza kuniamsha, angeweza kuninong'oneza "mstari wa nne", nikafumua mwenyewe. Halafu nasema, wewe ungefumua? Usingefumua. Ungemwambia shali inakunjwa.

Na ile ya msibani. Hii hujawahi kuisikia, na shangazi yako asiijue. Tulipokwenda kuzika Mlalo mwaka 2009, siku ya kugawana vitu, niliachiwa sanduku lake la bati nilipange kanga. Chini kabisa kulikuwa na sweta lake la kijivu, lile alilovaa siku zote. Mikono yangu ikafanya kama alivyonifanyia yeye: nikaligeuza ndani nje. Mstari wa tano toka chini, upande wa kushoto, kitanzi kimeruka. Kosa langu lenyewe. Ameruka, ameendelea, amelivaa miaka.

Nilikaa kwenye kile chumba na sweta mapajani. Labda alilifuma uzeeni, macho yamechoka. Labda alilifuma ujanani, kabla ya kuwa yule aliyenifumulia. Labda si yeye aliyelifuma. Labda aliliona kila siku, na ndiyo maana akasema "ungeonekana siku zote". Alikuwa anajua anachokisema. Kila ninapolichukua hilo la mwisho nalipenda kidogo, halafu nalitilia shaka kwa sababu nalipenda. Kanga nilizipanga zote na kuzigawa. Sweta nililitia kwenye mkoba wangu. Sikumwomba mtu.

Turudi kwako. Swali lako nani aje silijibu. Ninaloliweza ni akishafika ufanyeje, na hapo nina maneno.

Hesabu siku zako kwanza. Likizo yako ya uzazi ni siku 84. Mumeo sheria inampa 3, ya nne yuko ofisini amevaa tai. Mtoto anakaa mwenyewe akikaribia miezi sita. Kwa hiyo huyo mama akikaa mpaka mtoto akae, nusu ya muda huo wewe haupo nyumbani mchana, na jioni unarudi kwenye nyumba yenye mwenyewe mwingine. Sisemi ni vibaya. Dada wa kazi wa kuaminika hapo Njombe umempata? Hukusema. Basi bibi wa mtoto ni bora mara kumi. Nasema tu uhesabu, usije ukaanza kuhesabu siku ya 85.

Halafu jembe. Siku ile ile, mwanangu! Akishuka basi, akishakunywa chai, mwambie: mama, kumwogesha mtoto ni kwako. Asubuhi na jioni, asiguse mwingine. Hiyo ni kazi ya heshima, ina mwanzo na mwisho, na inamweka karibu na kile alichokifuata. Jikoni usimpe. Ukimpa jikoni hutarudishiwa. Bustani mpe upande, chora kwa kamba kabisa, figiri na chainizi vinaota hapo kama magugu na vitamfurahisha. Yale mawaridi yako uliyonitumia picha yaweke ndani ya kamba yako.

Nimeandika hivyo, nimesoma, nikajiuliza ni nani atamchorea kamba mama mzazi wa mumewe. Mimi nisingethubutu. Baba yako ameisoma hapa begani kwangu anasema niandike "mwache aje, ukoka hauliwi." Ameshiba.

Na kukandwa. Utaona aibu kukandwa na mkwe, najua, mimi niliona. Inapita kwenye siku ya pili. Au ya tatu.

Kwa hiyo sisemi aje, sisemi asije. Nyumba ni yako na mumeo, mkae muamue, na mimi mkwe mwenzangu namheshimu, alinipokea vizuri sana kwenye harusi yenu na pilau lake nalikumbuka. Ungeniuliza mimi natamani nini, hilo lingekuwa swali jingine, na nimeusikiliza ule ujumbe mara tatu, halimo. Nilipokuwa Mbezi Alhamisi nikaulizia basi la alfajiri la Njombe mwanzoni mwa mwezi wa sita. Kuulizia si kukata tiketi. Nilikuwa napita tu.

Kifurushi: kuna matembele makavu ya kwako, kopo la siagi ya karanga, na marando sita ambayo baba yako amelazimisha yaingie, yapande kwenye ukuta unaopata jua, yakifa kwa baridi yenu si kosa langu. Soksi jozi tatu. Na sweta. Uzi wake ni sweta la mtumba nililolipata Karume, la mwanamume mkubwa, bluu, sufu safi. Nimelifumua, uzi nikaufua na kuuanika na jiwe mpaka ukanyooka, ndiyo maana haujajikunja. Vitanzi 52 mgongoni, 52 mbele, sindano ni zile za spoku. Hapo kwenu mwezi wa sita na wa saba litakuwa nguo.

Mstari wa nne toka chini, upande wa kushoto, kuna kitanzi kimeruka. Mkwe mwenzangu akiligeuza, mwambie nimekiona.

Mama yako